Majani Chini ya Tuta

Tuta la Byeokgolje lina majani tumboni. Wataalamu wa mambo ya kale walipolichimba tuta hilo, lililoko Gimje, kusini-magharibi mwa Korea, walikuta chini ya udongo ulioshindiliwa tabaka la matawi, nyasi na majani yaliyolazwa juu ya tope la kale. Hayakupeperushwa na upepo. Kuna mtu aliyeyakata, akayabeba mgongoni, akayatandaza kama mtu atandikaye jamvi, kisha akayafunika kwa udongo na kuushindilia.

Alijua alichokifanya. Ardhi ile, karibu na bahari, ni tope laini. Ukirundika udongo mzito juu ya tope, tope hukimbilia pembeni, na tuta huzama au kupasuka. Matawi na majani huushika udongo usiteleze, kama ukindu unavyoshikana katika mkeka. Pia huyapa maji yaliyobanwa ndani ya tope njia ya kuchuruzika kidogo kidogo wakati uzito wa juu unapolikandamiza. Na kwa kuwa hewa haifiki kule chini, majani hayaozi. Jani laini kuliko yote ndilo lililopewa kazi ya kubeba tuta zima, na limeibeba kwa karne nyingi. Penginepo katika tuta hilohilo walifukua makanda ya nyasi yaliyojazwa udongo na kupangwa moja juu ya jingine, vilevile kama viroba vya mchanga vinavyopangwa leo mto unapofurika.

Kitabu cha kale cha historia ya falme tatu za Korea, Samguk Sagi, kinasema bwawa hili lilifunguliwa mwaka 330 na kwamba ukingo wake ulikuwa na urefu wa hatua 1,800. Mwandishi aliiweka habari hiyo katika kumbukumbu za ufalme wa Silla, ingawa nchi ile ilikuwa ya Baekje, ufalme ulioshindwa na Silla baadaye. Washindi ndio waliobaki kuandika. Sehemu iliyosalia ya tuta ina urefu wa takriban kilomita tatu. Wapo wanazuoni wanaosema hapo mwanzo lilijengwa kuzuia maji ya bahari yasiingie mashambani, wala si kuhifadhi maji ya mto, na mjadala huo haujaisha. Mimi ninachokitazama ni mkono wa fundi. Ufundi uleule wa kutandika majani ulivuka mlango wa bahari hadi Japani: bwawa la Sayamaike, karibu na Osaka, lina tabaka la namna hiyo, na pete za mti uliochongwa kuwa bomba lake zinaonyesha kwamba mti ule ulikatwa mwaka 616.

Katika Byeokgolje maji yalitolewa kupitia malango matano, kila moja na jina lake. Nguzo za mawe za lango la Jangsaenggeo bado zimesimama. Ni mbili, kila moja na kimo cha mita tano na ushei, na katikati yao pana nafasi ya kama mita nne. Kila nguzo imechongwa mfuo ulionyooka kutoka juu hadi chini, upande unaotazamana na mwenzake. Mbao zilitumbukizwa katika mifuo hiyo, ubao juu ya ubao. Mkulima akitaka maji kidogo, unatolewa ubao wa juu. Akitaka zaidi, unatolewa wa pili. Maji ya juu, yaliyopashwa na jua, ndiyo yanayotangulia kwenda kwenye mpunga. Yale ya chini, baridi na yenye tope, yanabaki nyuma. Bomba lililotobolewa chini kabisa ya tuta haliwezi kuchagua hivyo.

Mwaka 1415, chini ya Mfalme Taejong, tuta lilifanyiwa matengenezo makubwa, na jiwe la kumbukumbu likasimamishwa. Watu 10,000 waliitwa kazini. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na jaruba lililotumika kuwahesabu vibarua: linajazwa watu hadi pomoni, wanahesabiwa 500, wanatolewa, linajazwa tena, kama mtu apimaye nafaka kwa kibaba. Kilima kilicho jirani, wanasema, kilitokana na matope waliyokung'uta kutoka kwenye ndara zao za mabua ya mpunga na ndara chakavu walizozitupa. Hayo ni masimulizi, nami nayapokea kama masimulizi. Lakini yanaeleza jambo moja ambalo jiwe la mfalme halielezi: tuta lilikuwa miguu ya watu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1420, dhoruba ililibomoa. Safari hii halikutengenezwa. Watu wakaanza kulima ndani ya bwawa lenyewe, kwani tope lililotuama kwa miaka ni udongo mnono kuliko wowote.

Jambo hili la kulima ndani ya mabwawa liliwasumbua watawala wa Joseon, ufalme wa Taejong na warithi wake, hadi mwisho wao. Milima ilipopoteza misitu, mvua iliteremsha mchanga na mabwawa yakajaa. Wenye nguvu waliuona udongo wa rutuba pale palipokuwa na maji, wakapeleka majembe. Serikali ilifufua ofisi ya kusimamia mabwawa mwaka 1662, ikatoa kanuni, na mwaka 1778 Mfalme Jeongjo akatoa kanuni nyingine za kukataza jambo lilelile. Sheria ikirudiwa namna hiyo, ujue haikutiiwa. Mkono wa wageni haukuwapo bado. Ufundi ulikuwa tayari unaliwa kutoka ndani, na anayewapenda mafundi hawa hana haki ya kulificha hilo.

Lakini kazi ninayoistaajabia kuliko zote ni ndogo kuliko Byeokgolje. Wakorea waliyagawa majengo ya maji katika mafungu mawili makubwa. Kulikuwa na je-eon, yaani tuta linaloziba bonde na kulifanya bwawa. Na kulikuwa na bo, banio la mtoni, linaloyainua maji kiasi cha kuyaingiza mferejini tu. Je-eon lilihitaji amri ya serikali na maelfu ya watu. Bo lilihitaji kijiji.

Wanaume walishuka mtoni majira ya kuchipua, maji yakiwa machache na baridi ikiwa bado inauma miguu. Walipigilia vigingi kwenye sakafu ya mto, wakasuka matawi ya msonobari kati ya vigingi, wakashindilia mawe, kisha wakaziba matundu kwa mabua, udongo na mabonge ya nyasi yaliyokatwa pamoja na mizizi yake. Banio la namna hii linavuja. Linaachwa livuje, kwa sababu kijiji kilicho chini kina mpunga pia, na maji yanayopenya ndiyo fungu lake. Kutoka kwenye banio mfereji unakumbatia ubavu wa kilima, ukishuka kwa mteremko mdogo ambao jicho la mgeni halitauona. Mteremko ukizidi, maji yanakula kingo. Ukipungua, yanalala na kuacha matope. Mchimbaji anayafungulia kidogo, anayatazama yanavyokwenda, anarudi na jembe.

Halafu mafuriko ya kiangazi yanakuja na kulizoa banio lote.

Hapo ndipo mhandisi mwenye haraka atakapotikisa kichwa: kazi gani hii ya kujenga kitu kila mwaka? Mimi naona hekima. Zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka huko Korea hunyesha katika miezi michache ya kiangazi, na mito yake ni mifupi na yenye hasira. Banio gumu lililozibwa barabara lingeyageuza mafuriko yapande mashambani. Banio la matawi linakubali kuondoka. Kufikia wakati huo mpunga umekwisha kushika mizizi na mvua inatosha. Kazi ya banio ilikuwa majuma yale makavu kabla ya mvua, na imekwisha kufanywa. Kinachobaki ni mikono inayojua kulijenga tena. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyebeba mawe mwaka huu atapigilia vigingi mwaka ujao, na akifika arobaini atakuwa amelijenga banio lilelile mara ishirini na tano. Shule gani ya ufundi inampa mwanafunzi marudio kama hayo?

Majuma yale makavu ndiyo yaliyokuwa kiini cha mambo. Kupandikiza miche kutoka kitaluni kuna faida: palizi hupungua, na jaruba linaweza kuvunwa shayiri kabla ya mpunga kuingia. Lakini siku ya kupandikiza jaruba lazima liwe na maji, na siku hiyo huangukia mwisho wa msimu mkavu. Maji yasipofika, mkulima hana mche wala mbegu, amepoteza vyote. Kwa sababu hiyo serikali ya mwanzo ya Joseon ilikataza upandikizaji. Wakulima wa kusini waliendelea nao, na kufikia karne ya 18 ulikuwa umeenea kote kusini. Mabanio yalizaliana pamoja na miche. Kitabu cha takwimu za serikali cha mwaka 1808 kinataja mabwawa zaidi ya 3,000 na mabanio zaidi ya 2,000, na hayo ni yale tu ambayo karani aliyaona yanafaa kuandikwa.

Anayetegemea majuma machache ya maji hujifunza kuyahesabu. Enzi za Mfalme Sejong maofisa walikuwa wakichimba udongo baada ya mvua na kupima unyevu umezama kiasi gani. Kipimo hicho kina kasoro, kwa kuwa udongo mkavu hunywa tofauti na ule uliokwisha kulowa. Mwaka 1441 na 1442 kikatengenezwa chombo cha chuma cha mviringo, kilichonyooka kama kopo, kikakingwa mvuani na kina cha maji kikapimwa kwa kijiti. Kiliitwa cheugugi. Vyombo vilisambazwa hadi wilayani na ripoti zikatakiwa zirudi mji mkuu. Jina la mvumbuzi linalotajwa katika kumbukumbu ni la mwana wa mfalme, aliyekuja kutawala kwa jina la Munjong. Ni nchi chache zilizowahi kumfundisha mrithi wa kiti kupima mvua.

Ndani ya kijiji, kipimo kilikuwa kingine. Kila jaruba lina mdomo katika ukingo wake, mahali pa kukata ili maji yaingie na kuziba yakitosha. Mdomo huo unaitwa mulkko. Majembe mawili ya udongo yanatosha kuufunga, na majembe mawili ya udongo yametosha kuwagombanisha ndugu. Walikesha wakilinda mulkko usiku wa ukame. Hadi leo Mkorea akisema mazungumzo yaliyokwama yameanza kusonga, husema mulkko imefunguliwa. Ili watu wasiumizane, wenye mashamba chini ya banio moja walikuwa na umoja wao: kila nyumba ilitoa nguvukazi kulingana na ukubwa wa shamba lake, mmoja akachaguliwa kuwa msimamizi, na maji yakaenda kwa zamu. Kando yake ulikuwapo ujima wa dure, wa kupandikiza na kupalilia pamoja, kwa ngoma na bendera.

Pale ambapo jaruba lilikuwa juu kuliko maji, walichota. Yongdure ni gogo lililochimbwa mfano wa mtumbwi mdogo, likaning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja kileleni. Mtu mmoja anashika mkia, anaisukuma pua iingie majini, anaivuta, na uzito wa gogo lenyewe unamsaidia kuyamwaga maji upande wa pili. Matdure ni chombo cha kamba nne kinachoshikwa na watu wawili wanaotazamana. Wanakibembeza kwa pamoja. Mmoja akichelewa kidogo tu, maji yanamwagikia miguuni. Kwa hiyo waliimba. Na wimbo wa kuchota maji, kama ule wa kisiwa cha Ganghwa, unahesabu michoto, kumi baada ya kumi, ili mchotaji ajue jaruba limepata kiasi gani na mgongo wake umebakiwa na kiasi gani.

Jaribio la kuleta gurudumu la maji halikufua dafu. Pak Seo-saeng, mjumbe aliyekwenda Japani, alirudi mwaka 1429 akisifu magurudumu aliyoyaona, na Sejong akaamuru yatengenezwe. Yalijaribiwa miaka kadhaa, kisha yakaachwa. Gogo la mtumbwi na chombo cha kamba vikaendelea.

Nisikipite kisiwa cha Cheongsando, kusini kabisa. Udongo wake ni mwembamba na wenye mawe. Maji yakimwagwa hupotea. Wakulima walijenga ngazi za mawe milimani, wakaacha chini ya kila jaruba njia ya maji iliyojengwa kwa mawe, wakaifunika kwa mawe bapa, wakasiliba udongo wa mfinyanzi kuziba nyufa, na juu yake wakaweka udongo wa kulimia. Mawe hayo bapa ndiyo yaleyale waliyoyaweka chini ya sakafu ya nyumba, moshi wa jikoni upite kwa chini na kukipasha chumba joto. Aliyejua kuupitisha moshi chini ya mahali anapolala aliyapitisha maji chini ya mahali anapolima. Majaruba hayo, gudeuljangnon, yaliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya urithi wa kilimo duniani.

Turudi kwenye tambarare ya Gimje na majirani zake, maana ni pale mambo yote yalipokutana. Mwaka 1892 Jo Byeong-gap aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Gobu. Kwenye mto Dongjin palikuwa na banio la zamani lililofanya kazi vizuri. Aliamuru banio jingine lijengwe chini yake, kwa nguvukazi isiyolipwa. Kisha akatoza ada ya maji ambayo wakulima walikuwa tayari wanayo. Banio hilo liliitwa Manseokbo. Kilichokuwa kimeondolewa ni ule umoja: watu waliojenga hawakuwa wenye kauli. Mwanzoni mwa 1894 wakulima walioongozwa na Jeon Bong-jun waliivamia ofisi ya wilaya, kisha wakalibomoa banio. Maasi ya wakulima wa vuguvugu la Donghak, yaliyoitikisa Korea na kuyaingiza majeshi ya China na Japani, yalianzia kwenye maji ya mto ule.

Japani ilipoishika Korea, iliyajua hayo. Mwaka 1906, Korea ikiwa bado inaitwa dola lakini chini ya ulinzi wa Japani, ilitolewa kanuni ya vyama vya maji. Mwaka huohuo kituo cha kilimo cha mfano kilianzishwa Suwon, kando ya bwawa alilolijenga Mfalme Jeongjo mwaka 1799. Wataalamu wapya walikaa kwenye ukingo wa kazi ya wazee. Chama cha kwanza kiliundwa 1908 huko Okgu, karibu na bandari ya Gunsan. Nchi ikatwaliwa rasmi mwaka 1910. Ghasia za mchele zilipolipuka Japani mwaka 1918, serikali ya kikoloni ikaja na mpango wa kuongeza mavuno ya mpunga Korea, kuanzia 1920.

Sitasema saruji ni kitu kibaya. Mabwawa mengi ya zamani yalikuwa yamejaa mchanga, na wahandisi wa kikoloni walijua kazi yao. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 walijenga bwawa la Unam kwenye mto Seomjin, wakatoboa mlima kwa handaki, na kuyafanya maji yanayoelekea kusini yageuke magharibi hadi tambarare ya mto Dongjin. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini ulikuwa ustadi usiomhitaji kijana wa vigingi. Wenye sehemu kubwa ya ardhi wakikubali chama, wenzao wote waliingizwa wapende wasipende, na mabanio yao yakamezwa. Aliyekuwa na maji ya banio la babu yake sasa aliyalipia. Ada haikujali mwaka mbaya wala bei ya mchele ilipoanguka mwaka 1930, na wenye vishamba waliuza. Mavuno yalipanda, mchele uliopakiwa Gunsan ulipanda zaidi, na Mkorea wa kawaida akala mchele mchache kuliko zamani, akijazia kwa mtama mdogo kutoka Manchuria.

Na Byeokgolje? Mwaka 1925 tuta liligeuzwa kuwa mfereji. Lilipasuliwa kwa urefu wake, mgongoni, na maji ya chama yakapitishwa katikati ya kingo mbili zilizobaki. Kwa hesabu ya mhandisi ilikuwa busara: hapa pana mwinuko ulionyooka wa kilomita kadhaa, udongo wake umeshikamana kwa karne kumi na sita, kwa nini tuchimbe kwingine? Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila mara huniuma. Hakulidharau tuta, alilitegemea. Aliuona uimara wake vizuri kabisa, akautumia, bila kuuliza umetoka wapi. Wachimbaji waliokuja na brashi zao mwaka 1975 walikuta jeraha hilo likipitisha maji.

Huko mashariki, Yeongcheon, kuna bwawa la Cheongje, dogo na lisilo na makuu, ambalo bado linamwagilia mpunga. Kando yake pana jiwe lililoandikwa pande mbili. Upande mmoja ni wa mwaka 536, bwawa lilipojengwa kwa watu 7,000. Upande wa pili ni wa 798, lilipotengenezwa: karani ameandika vibarua 14,140, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, katika mwezi wa pili na wa nne wa kalenda yao. Jiwe hilo lilivunjika mwaka 1653 na kuzikwa ardhini. Mwaka 1688 likafukuliwa, vipande vikaunganishwa, likasimamishwa tena. Hapo jirani likawekwa jiwe la pili, la kueleza kwamba lile la kwanza limetengenezwa. Wanazuoni hawakuyatambua mawe hayo hadi 1968. Wakulima wa bondeni walikuwa wakipita mbele yake muda wote huo, kila majira ya kuchipua, wakienda kufungulia maji.